Bwawa Huanzia Mlimani

SOMO LA KILIMO NA MAJI



Mwezi wa Oktoba huku kwetu Mlali, wilaya ya Kongwa, unaujua. Jua kali, vumbi, upepo. Korongo limekauka, umebaki mchanga mtupu. Mtu anachimba shimo mchangani, anangoja maji yachuruzike, anachota kwa kata kidogo kidogo mpaka ndoo ijae. Ng'ombe nao wanasubiri zamu yao, wanalia. Kisha mwezi wa Desemba au Januari mvua inanyesha usiku mmoja, korongo linanguruma. Asubuhi ukienda, maji yote yamekwisha pita. Wewe umesimama ukingoni na ndoo yako.

Mtu yeyote akiona hivyo atasema: "Laiti tungekuwa na bwawa!"

Maneno hayo ni ya haki. Mkoa wa Dodoma unapata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine saba ni mikavu. Kuyazuia maji ya masika ili yatumike kiangazi ni akili njema. Lakini kabla ya kuomba bwawa, na kabla ya kupiga makofi wapimaji wanapokuja na vyombo vyao, kuna jambo moja lazima tulijue. Bwawa halianzii mtoni kwenye tuta. Linaanzia kule juu, kwenye mashamba, malisho na vilima ambako maji yanatoka. Kule juu pakiharibika, bwawa litajaa udongo, nalo litakufa wakati sisi wenyewe tungali hai.

Somo letu la leo ni hilo. Lisome polepole. Ukiweza, lisome pamoja na jirani zako, maana mwishoni yapo maswali ya kujadiliana.

1. MANENO YA KUFAHAMU

Bwawa ni maji yaliyokusanywa nyuma ya tuta kubwa lililojengwa kukata mto. Bwawa dogo la kuchimbwa, hasa la kunywesha mifugo, tunaliita lambo.

Banio ni ukuta mfupi unaojengwa mtoni ili kuinua maji yaingie katika mfereji wa kumwagilia. Banio halihifadhi maji mengi. Kazi yake ni kuyageuza njia tu. Mto ukikauka, banio nalo halina kazi.

Utoro wa maji ni njia inayojengwa pembeni mwa tuta ili maji ya ziada yapite. Bwawa lisilo na utoro mzuri hubomoka siku ya mvua kubwa.

Kidakio ni eneo lote ambalo mvua yake inateremkia katika bwawa moja. Ukimwaga maji kwenye paa la nyumba, yote yanaingia katika mfereji wa paa. Paa ni kidakio, mfereji ni mto, na pipa lililo chini ndilo bwawa.

Mita ya ujazo ni kipimo cha maji au udongo. Mita moja ya ujazo ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20.

2. MPANGO WA FARKWA

Katika mkoa wetu kuna mpango mkubwa wa bwawa ambao umezungumzwa kwa miaka mingi. Ni mpango wa Farkwa, katika wilaya ya Chemba, kwenye mto Bubu. Mto huo unapokea maji ya vilima vya Kondoa, unashuka kusini, na mwisho wake ni mbuga ya Bahi. Hauendi baharini.

Shabaha ya mpango ni kupata maji ya kunywa kwa ajili ya jiji la Dodoma pamoja na wilaya za Chamwino, Bahi na Chemba, na pia maji ya kumwagilia mashamba. Sababu yake inaeleweka. Kwa miaka mingi mji wa Dodoma umetegemea visima vya Mzakwe, huko Makutupora. Mwaka 1973 iliamuliwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu, watu wameongezeka sana, na visima peke yake haviwezi kuwatosha.

Sisi wa Mlali hatumo katika kidakio cha mto Bubu. Maji ya Kongwa na Mpwapwa kwa sehemu kubwa yanaelekea mto Kinyasungwe, kisha Mkondoa, kisha Wami, mpaka Bahari ya Hindi. Basi kwa nini tujifunze habari za Farkwa? Kwa sababu bwawa likipangwa kokote katika nchi kavu kama yetu, maswali ni yale yale. Tukiyajua leo, siku ya kwetu hatutashikwa na usingizi.

Mpango wa Farkwa unagusa watu wa aina tatu. Wa kwanza ni watu wa mahali penyewe. Wakazi wa vijiji vya Mombose na Bubutole walitakiwa kuhama, kwa kuwa ardhi yao ndiyo itakayofunikwa na maji. Wa pili ni watu wa chini, kama wakulima wa mpunga wa Bahi, ambao mashamba yao hunywa maji ya mto huo huo Bubu. Maji yakizuiwa juu, watu hao wanataka kujua watapata kiasi gani na mwezi gani. Wa tatu ni watu wa juu, wenye mashamba na mifugo katika kidakio. Hao mara nyingi husahauliwa, kwa sababu wako mbali na tuta. Lakini maisha ya bwawa yamo mikononi mwao.

3. HESABU YA IKOWA

Ili tuamini jambo hili tufanye hesabu. Chukua kalamu na daftari.

Mwaka 1957 lilijengwa bwawa la Ikowa, katika eneo ambalo sasa ni wilaya ya Chamwino. Lilikuwa la umwagiliaji. Lilipokuwa jipya liliweza kuchukua karibu mita za ujazo milioni 3.8 za maji. Kidakio chake ni kama kilometa za mraba 640.

Baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walikwenda kupima mabwawa ya karibu na Dodoma. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1972. Waliona kwamba kila kilometa moja ya mraba ya kidakio cha Ikowa ilikuwa inapeleka bwawani kiasi cha mita za ujazo 195 za udongo kila mwaka.

Sasa tuzidishe:

195 × 640 = 124,800

Yaani mita za ujazo 124,800 za mchanga na tope ziliingia bwawani kila mwaka. Ni udongo kiasi gani huo? Tuseme una lori la tipa linalobeba mita za ujazo 5. Utahitaji safari 24,960 kwa mwaka mmoja. Ni safari 68 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Na lori hilo halimwagi udongo njiani. Linamwaga ndani ya bwawa.

Tugawanye tena:

3,800,000 ÷ 124,800 = karibu 30

Kumbe bwawa lililojengwa kwa jasho na fedha nyingi lilikuwa na umri wa miaka 30 tu! Mtoto aliyezaliwa siku tuta lilipokamilika angelizika bwawa hilo akiwa bado kijana. Na wataalamu hawakukosea sana. Tope lilijaa, na habari za Ikowa zikawa ni za watu kuomba bwawa lao lifufuliwe.

Walipima pia bwawa dogo la Matumbulu, kusini mwa mji wa Dodoma, lililojengwa mwaka 1960. Kidakio chake ni kidogo, kilometa za mraba 18 hivi. Lakini huko kila kilometa ya mraba ilikuwa inatoa zaidi ya mita za ujazo 700 za udongo kwa mwaka. Ni zaidi ya mara tatu ya Ikowa. Katika kidakio kikubwa udongo mwingine hutulia njiani, mabondeni na mbugani. Katika kidakio kidogo chenye vilima vilivyo karibu hauna mahali pa kupumzika. Unashuka moja kwa moja bwawani. Basi tusidanganyike tukisema, "Letu ni lambo dogo tu, halina taabu." Dogo ndilo linalojaa upesi.

Liko na jambo la jua. Katika mkoa wetu maji yaliyo wazi hunyonywa na jua kiasi cha mita 2 hivi kwa mwaka. Bwawa lenye kina cha mita 6 likinyonywa mita 2, linabakiwa na maji. Tope likilifanya kina chake kiwe mita 2, jua linakunywa yote, wewe hupati hata ya kunawa uso. Ndiyo maana bwawa lililojaa tope huonekana limejaa maji mwezi wa Machi, na mwezi wa Septemba ni uwanja wa kuchezea mpira.

4. UDONGO HUO UNATOKA WAPI?

Jibu lilipatikana zamani, tena jirani yetu Mpwapwa. Katika miaka ya 1930, kwenye kituo cha mifugo cha Mpwapwa, vilipimwa vipande vya ardhi vyenye mteremko mdogo tu. Kila kipande kilikuwa na hali yake. Mvua ikinyesha, walipima maji yaliyotiririka na udongo uliochukuliwa. Tuyasome matokeo kwa mfano wa ndoo. Tuseme mvua imeleta ndoo 100 za maji.

Ardhi tupu isiyo na kitu: ndoo 50 zilikimbia. Udongo uliopotea kwa mwaka ulikuwa kama tani 59 kwa eka moja.

Shamba la nafaka: ndoo 26 zilikimbia. Udongo uliopotea ulikuwa kama tani 31 kwa eka.

Ardhi yenye nyasi: ndoo 2 tu zilikimbia. Udongo uliopotea haukufika hata wa kupimika.

Kichaka kisichochungwa mifugo: haikukimbia hata nusu ndoo. Udongo haukupotea.

Tazama vizuri, ndugu msomaji. Mvua ni ile ile. Udongo ni ule ule. Mteremko ni ule ule. Kilichotofautiana ni nguo ya ardhi. Ardhi yenye nguo inakunywa maji. Ardhi iliyo uchi inayatema, na inatema udongo pamoja nayo.

Udongo huo haufanyi madhara bwawani tu. Ule unaokwenda ndio ule wa juu, mweusi, wenye mbolea. Mwenye shamba anabaki na kokoto, kisha anashangaa mbona mtama haukui kama zamani. Huko chini nako, maji yanayokuja kwa ghadhabu yanavunja madaraja. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliikata reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe. Maji yale yalitoka katika nchi ya juu, na sisi tumo.

5. MKUTANO WA KIJIJI

Kusema "tuvike ardhi nguo" ni rahisi. Kutenda ni kazi, kwa sababu kila kilima kina mwenyewe. Mazungumzo haya tumeyatunga kwa ajili ya somo, lakini huenda umeshawahi kuyasikia. Kijiji kimeitisha mkutano juu ya bwawa.

MWENYEKITI: Haya, ndugu wananchi, mmesikia. Bwawa likija, mlima ule itabidi upumzike. Na mashamba ya ukingoni mwa mto yasogee.

MZEE: Mwenyekiti, mimi nina neno. Mlima ndiyo malisho yangu ya kiangazi. Ng'ombe wangu watakula nini? Watakula mkutano?

(Watu wanacheka.)

MAMA: Shikamoo baba. Tusicheke tu, baba amesema kweli. Na mimi shamba langu liko pale pale ukingoni. Nyanya na mchicha wa pale ndivyo vilivyosomesha watoto wangu. Nikisogezwa, niende wapi?

MZEE: Marahaba, mwanangu. Sasa umeona? Mimi natoa mlima, wewe unatoa bustani. Je, anayepata ni nani? Maana nimeishi miaka mingi, nimeona mambo ya kuambiwa "toeni, mtapata". Tukatoa.

MWENYEKITI: Lakini mzee, bwawa ni la wote.

MZEE: La wote ni neno zuri. Andika hilo neno kwenye karatasi. Andika ng'ombe wangu watakunywa wapi, na huyu mama atapewa jaruba lipi. Ukiandika, mimi mlima nitaupumzisha.

KIJANA: Mimi nina swali. Bwana Shamba, umesema ardhi yenye nyasi inakunywa karibu maji yote. Kama mlima utakunywa maji, bwawa litajazwa na nini?

BWANA SHAMBA: Swali zuri sana, ndugu yangu. Ni kweli maji yatakayoteremka kwa haraka yatapungua. Lazima wapimaji walihesabu jambo hilo kabla ya kujenga. Lakini mvua zile kubwa, zinazonyesha mchana na usiku, zitatiririka hata kwenye nyasi. Bwawa likipata maji machache yaliyo safi, mwakani litapata tena. Likipata maji mengi yenye udongo, kila mwaka linapungua mpaka linakwisha. Na yale maji yaliyonywewa na shamba hayakupotea. Yamo kwenye mizizi ya mahindi yako.

Tuliache hapo kwanza. Mzee yule hakuwa mkaidi. Alikuwa anauliza swali kubwa kuliko yote: nani anatoa, na nani anapata? Bwawa likinufaisha watu wa chini peke yao, watu wa juu hawatalilinda. Watalima mpaka ukingoni usiku. Hakuna askari atakayeweza kulinda kilometa za mraba 640 kwa bunduki.

6. TUJIFUNZE KWA KONDOA NA KWA KARANGA

Kuna mifano miwili ya kweli.

Wa kwanza ni wa Kondoa. Vilima vya huko vilikuwa vimeliwa na makorongo mekundu, mengine yanameza nyumba. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kama HADO, kwa msaada wa Uswidi. Kazi ya kwanza ilikuwa kuchimba makinga maji na kupanda miti. Lakini ardhi haikupona upesi, maana mifugo ilikuwa bado mingi. Mwaka 1979 ikatolewa amri: mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika zaidi. Maelfu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo wakahamishwa.

Matokeo yalikuwa ya pande mbili. Nyasi zilirudi, vichaka vikafunga, makorongo mengi yakaanza kutulia. Lakini watu walikosa maziwa, samadi na mali yao ya akiba, na wengine walilazimika kupeleka mifugo mbali. Baadaye ndipo ulipoletwa ufugaji wa ndani, wa kumkatia ng'ombe majani na kumpelekea zizini. Funzo ni hili: ardhi inaweza kupona, hilo si ndoto. Lakini ukingoja mpaka iharibike kabisa, dawa itakuwa amri, na amri inauma. Afadhali kuanza mapema kwa mapatano.

Mfano wa pili ni wa Kongwa kwetu. Mwaka 1947 Waingereza walileta mpango mkubwa wa kulima karanga. Walileta matrekta, wakatumia mamilioni ya pauni. Waliopanga walikuwa mbali, na walikuwa na haraka. Hawakuijua vizuri mvua ya hapa, wala udongo wetu ambao jua likiuchoma unakuwa mgumu kama saruji. Majembe yakavunjika, karanga zikashindikana, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Mwenyeji aliyezaliwa hapa angeweza kuwaeleza habari za mvua na udongo. Basi sisi tusinyamaze. Mpango wowote mzuri unahitaji kipimo cha mtaalamu na pia kumbukumbu ya mwenyeji anayejua mto ulifika wapi mwaka wa mafuriko.

7. TUFANYE NINI KABLA YA BWAWA?

Kazi hizi tunaweza kuzianza bila kungoja fedha za mbali. Na uzuri wake, zinamlipa mwenye shamba kwanza, hata bwawa lisipokuja.

Makinga maji. Haya ni matuta yanayochimbwa kukata mteremko, si kuufuata. Njia moja inaitwa fanya juu. Unachimba mtaro, na udongo unautupa upande wa juu ili uwe tuta. Juu ya tuta unapanda nyasi za kulisha ng'ombe. Maji yanasimama, yanazama, mazao yananywa.

Ili tuta liwe sawasawa, tumia kipimo cha herufi A. Chukua miti miwili mirefu iliyo sawa, ifunge juu, itanue chini. Funga mti wa tatu katikati kama mkato wa herufi A. Ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka juu. Simamisha kipimo, weka alama pale kamba inapogusa mti wa kati. Kigeuze, mguu wa kulia ukae pale pale palipokuwa mguu wa kushoto, na wa kushoto pale pa kulia. Weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pa usawa. Sasa tembea nacho ukikata mteremko. Kila kamba inapotulia kwenye alama ya katikati, piga mambo chini. Mambo hizo ndizo mstari wa tuta lako. Umbali kati ya tuta na tuta hutegemea ukali wa mteremko. Muulize afisa ugani.

Milaga. Wazee wa Kigogo wanalijua jambo hili. Sehemu ya malisho inafungwa wakati wa mvua, nyasi zinakua, kisha inaliwa kiangazi. Mlima mzima hauhitaji kufungwa kwa siku moja. Gawanyeni: upande huu upumzike, upande ule uchungwe, kisha mbadilishane. Mzee wetu wa mkutanoni angekubali hili, maana ng'ombe wake wanapata majani Septemba badala ya vumbi.

Ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa. Mita 60 ni kama hatua ndefu 60 za mtu mzima. Acheni nyasi na miti isimame hapo. Hizo ndizo chujio la bwawa. Lakini kijiji kimkumbuke aliyekuwa analima hapo, apewe mahali pengine.

Birika la mifugo. Ng'ombe wasiingie bwawani. Wakiingia wanavunja ukingo na kuchafua maji ya kunywa. Maji yapelekwe kwa bomba hadi kwenye birika nje ya uzio. Watoto nao wasiogelee kwenye maji yaliyotuama, maana huko ndiko kunakopatikana kichocho.

8. MASWALI YA KUWAULIZA WAPIMAJI

Siku wataalamu wakija kijijini, wakaribisheni kwa heshima. Wapeni kigoda, wapeni maji. Kisha ulizeni, na katibu aandike majibu:

Kwanza. Kidakio cha bwawa hili kina ukubwa gani, na udongo kiasi gani utaingia kila mwaka? Bwawa litaishi miaka mingapi?

Pili. Fedha za kuhifadhi mlima zimo katika mpango, au zimetengwa za tuta peke yake?

Tatu. Nani atahama? Atalipwa nini, na lini? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Mtu asivunje nyumba kwa ahadi ya mdomo.

Nne. Watu wa chini ya tuta watabakiwa na maji kiasi gani wakati wa kiangazi?

Tano. Majaruba ya umwagiliaji yatagawanywa vipi? Je, wanawake na wale waliotoa ardhi yao wataandikwa kwanza, au wageni wenye fedha ndio watakaopata?

Sita. Kibali cha kutumia maji kitakuwa cha nani? Vibali vinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde. Jumuiya ya watumia maji ya hapa itakuwa na sauti gani?

Saba. Tathmini ya athari kwa mazingira imefanyika? Kama imefanyika, tusomewe kwa Kiswahili, mkutanoni.

Usiogope kuuliza. Ulijifunza kusoma na kuandika ili usidanganywe kwenye mizani ya duka. Mizani ya bwawa ni kubwa zaidi.

9. MASWALI YA KUJADILIANA

(a) Taja tofauti kati ya bwawa na banio. Kijiji chenu kinafaa kipi, na kwa nini?

(b) Bwawa lina mita za ujazo 600,000. Kila mwaka tope la mita za ujazo 15,000 linaingia. Litajaa baada ya miaka mingapi? Watu wakihifadhi mlima, tope likapungua hadi mita za ujazo 5,000, litachukua miaka mingapi?

(c) Je, yule mzee wa mkutanoni alikuwa na haki? Ungekuwa mwenyekiti ungemjibu nini?

(d) Kazi ya kufanya: mvua kubwa ya kwanza itakaponyesha, chota maji ya korongo katika chupa inayoangaza. Iache imetulia usiku kucha. Asubuhi pima kwa kidole udongo uliotuama chini. Ilete chupa hiyo kwenye mkutano wa kijiji, uiweke mezani mbele ya mwenyekiti.

Majibu ya hesabu ya (b): miaka 40, kisha miaka 120. Miaka 80 iliyoongezeka hapo haikuletwa na saruji wala trekta. Imeletwa na nyasi, jembe na mapatano ya watu wa mlimani na watu wa bondeni.